Vigingi Havina Miguu

Kabla hajawa diwani, Spana alikuwa fundi bomba, na hata alipokuwa diwani aliendelea kutembea na spana kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Kikaoni alikalia kalio moja kwa sababu yake. Wenzake walimshauri awe anaiacha nyumbani. Akawauliza kama wao huacha mikono yao nyumbani.

Alichaguliwa kwa ahadi moja. Wapinzani wake waliahidi barabara, zahanati, taa za mitaani na kazi kwa kila kijana. Yeye alipanda juu ya kreti ya soda pale sokoni akasema, "Nitaleta bomba la maji. Sina lingine. Mkinisikia naahidi lingine, nishusheni." Watu wakampenda kwa sababu alimaliza mapema wakarudi kwenye biashara zao.

Lakini aliyempigania kuliko wote alikuwa mama mkwe wake, mwenye kibanda cha chai kwenye kona ya kuingilia sokoni. Wakati wa kampeni, mama huyo hakumpa mteja kikombe kabla hajamuuliza kura yake ni ya nani. Aliyetaja mtu mwingine alipewa chai, ila sukari aliambiwa imekwisha.

Kwa mama mkwe, Spana akaongeza ahadi ya pembeni ambayo hakuisema jukwaani. "Mama," alimwambia, akiwa amekishika kikombe kwa mikono miwili kama anavyopaswa mkwe, "hilo bomba litakaa hapa hapa mbele ya mlango wako. Utakuwa unanyoosha sufuria tu, linajaa."

Mama mkwe alikuwa akivuka barabara kuu na ndoo kichwani tangu mabinti zake hawajaota meno. Alimtazama mkwewe, akasema, "Mwanangu, usinitanie. Shingo yangu hii imekuwa fupi kwa maji."

"Sikutanii, mama."

"Haya. Nimekusikia, na mimi huwa sisahau."

Baada ya kuapishwa, madiwani wapya waliitwa kwenye semina. Mkurugenzi wa halmashauri alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani inayoshuka puani na sauti isiyopanda hata akikasirika. Alichukua chaki akachora mstari katikati ya ubao kutoka juu mpaka chini. Tangu siku hiyo madiwani wakamwita Bi Mstari, lakini kwa kunong'ona.

"Upande huu ni ninyi, waheshimiwa," alisema akigonga ubao. "Mnaamua kitu gani kifanyike. Mnauliza, mnakagua, mnanihoji mpaka jasho linitoke. Upande huu ni mimi na watumishi wangu. Tunapima, tunachimba, tunajenga. Mtumishi wangu hamumtumi. Mkiona tatizo, mnaniambia mimi."

Spana alinyoosha mkono. "Mkurugenzi, nikipita nikakuta koleo limelala njiani, nisiliokote?"

"Usiliokote. Unipigie simu."

"Simu yako ikiwa inatumika?"

"Utasubiri."

"Nikiwa nimesimama juu ya koleo?"

"Pembeni ya koleo, mheshimiwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Spana naye alicheka, lakini jambo lile lilimkaa kooni kama mfupa. Alipofika nyumbani alivua viatu kwa hasira.

"Maisha yangu yote nimekula kwa mikono hii," alimwambia mkewe. "Leo naambiwa kazi yake ni kunyooshwa kikaoni, basi."

"Si ndiyo kazi uliyoiomba?" mkewe akasema, akichambua mchele bila kuinua macho. "Hukusimama kwenye kreti ukasema unataka kuchimba. Ulisema unataka kuwa diwani."

Basi ikafika siku ya kikao cha kwanza cha mambo ya kata yake. Hapo ndipo mbegu ya balaa ilipopandwa, na Spana aliipanda kwa mkono wake mwenyewe, mkono wa kulia. Kwanza lilisomwa suala la choo cha umma cha soko. Spana hakulisikiliza. Alikuwa anajisomea kichwani hotuba yake ya bomba. Alipoona wenzake wamenyoosha mikono, naye akanyoosha, choo kikapita. Likafuata bomba. Hapo alisimama, akaongea mpaka mwenyekiti akamwomba akae, bomba nalo likapita. Alitoka ukumbini kifua mbele. Kama ungemsimamisha mlangoni ukamuuliza wamepitisha mambo mangapi ya kata yake, angekujibu, "Moja. Bomba."

Tangu hapo kila siku alipita sokoni kuangalia kama kazi imeanza. Mama mkwe naye alimuuliza kila siku, na kila siku alimuuliza kwa kikombe cha chai chenye sukari iliyojaa. Ilikuwa chai tamu yenye kudai.

Siku moja, jua likiwa utosini, Spana alizunguka nyuma ya soko kujisaidia ukutani, kama walivyofanya wote, maana choo hakikuwepo. Hata zipu hakufungua. Mbele yake, hatua chache kutoka jalalani, kulikuwa na vigingi vinne vya mbao vimepigwa ardhini, vichwa vimepakwa rangi nyekundu.

Alisimama akavikodolea macho. Nzi walikuwa wanatua juu ya vigingi. Paka mmoja alikuwa amelala katikati.

"Bomba langu," alisema kwa sauti. "Bomba langu wameliweka jalalani!"

Alitazama huku na huku. Mpima wa halmashauri, mzee mpole anayeitwa Kofia kwa sababu ya kofia yake pana ya ukindu, alikuwa ameshaondoka kwenda kata nyingine. Hapakuwa na mtu. Spana alikumbuka semina. Kwa kweli, apewe haki yake, alikumbuka. Alitoa simu akampigia Bi Mstari. Simu ilikuwa inatumika. Akasubiri, akiwa amesimama pembeni ya vigingi kama alivyofundishwa, harufu ya jalala ikimpiga usoni. Akapiga tena. Inatumika. Akapiga mara nyingine, ikawa bado inatumika.

"Huyu mama anaongea na nani mchana kutwa?" aliuliza, na paka ndiye aliyekuwepo kumjibu.

Akachomoa spana.

Kung'oa kigingi si kazi kwa mtu aliyezoea kung'oa mabomba yenye kutu. Alivitikisa kimoja kimoja, vikatoka. Kabla hajaving'oa alipima nafasi kati yake kwa kamba ya kiatu, akafunga fundo, kwa sababu yeye ni fundi na hakutaka kuharibu kazi ya mwenzake. Alivitia mifukoni, akazunguka mpaka kwenye kona. Jua kali lilikuwa limewakimbiza watu vivulini, na kibanda cha chai kilikuwa kimefungwa kwa muda. Mama mkwe alikuwa ameenda ng'ambo ya barabara kuchota maji, na jambo hilo lilimpa Spana uchungu na nguvu za kupiga kigingi. Alivipigilia vyote vinne mbele ya mlango, kwa mgongo wa spana, umbali ule ule, mstari umenyooka. Alisogea nyuma akaangalia. Akajipongeza. Akaenda zake akipiga mluzi, mguu mmoja ukivuta kiatu kisicho na kamba.

Kesho yake asubuhi wachimbaji walifika. Wachimbaji hawaulizi ramani, wanauliza vigingi viko wapi. Wakavikuta, wakavua mashati.

Mama mkwe alipofungua kibanda akakuta watu wanachimba mlangoni pake, nusura adondoshe birika. "Kumbe kweli!" alilia. "Kumbe mkwe wangu hakunitania!" Siku ile wachimbaji walikunywa chai mpaka wakaanza kukataa. Kila mwanamke wa sokoni aliletwa kuonyeshwa shimo. Spana alifika, akapokewa kama bwana harusi.

Shimo likazidi kwenda chini. Mchana wachimbaji walikuwa wanaonekana vichwa tu. Jioni hata vichwa havikuonekana.

"Mwanangu," mama mkwe aliuliza akichungulia ukingoni, "bomba moja linataka shimo la namna hii?"

Spana mwenyewe alikuwa anajiuliza hivyo hivyo, lakini fundi haonyeshi mshangao mbele ya mteja, sembuse mbele ya mama mkwe. Alikohoa. "Ni tangi, mama. Tangi la ardhini. Maji yanalala chini, yanapoa, halafu yanapanda."

"Alaa! Ya baridi?"

"Ya baridi kabisa."

Mama mkwe akaenda kuwaambia wenzake kwamba maji yake yatakuwa ya baridi.

Ndipo lori likaja. Lilirudi kinyumenyume mpaka kwenye kona, vibarua wakafungua bodi la nyuma, wakaanza kushusha. Spana alikuwa amesimama na kikombe mkononi, akiwaelekeza wanawake wa sokoni wasogee wasije wakaumia. Cha kwanza kushushwa kilikuwa bamba la zege lenye tundu. Alikunja uso. Cha pili kilikuwa cheupe, cha kung'aa, chenye sehemu mbili za kukanyagia, kulia na kushoto.

Spana alikuwa amefunga masinki ya namna hiyo tangu ujana wake. Angeweza kuyatambua kwa kuyapapasa gizani.

"Hicho nini?" mama mkwe aliuliza.

Spana alichungulia ndani ya kikombe chake.

"Nakuuliza, baba. Hicho cheupe ni cha bomba?"

Kibarua mmoja, mtu mwenye moyo mwema, ndiye aliyemsaidia. "Cha choo, mama. Hapa ni choo cha soko. Wanaume huku, wanawake huku. Mtakuwa mmepata, maana mlikuwa mnateseka."

Mama mkwe alitazama shimo, akatazama meza yake ya chai iliyokuwa karibu nalo kiasi kwamba kijiko kikidondoka kinaingia ndani. Halafu akamgeukia mkwewe. Tangu alipomwoa binti yake alikuwa anamwita mwanangu, au baba, au siku za furaha, mkwe wangu wa dhahabu.

"Mheshimiwa," alisema mama mkwe.

Spana alijua amekwisha.

Alikimbia mpaka halmashauri, kiatu kikimpwaya, akaingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kugonga vizuri.

"Kile choo kiondoke pale!"

Bi Mstari alishusha miwani. "Hilo ni agizo, mheshimiwa, au ni swali?"

Spana alivuta pumzi. "Ni swali. Lenye hasira."

"Maswali najibu. Baraza lenu liliamua choo kijengwe nyuma ya soko. Mkono wako nauona kwenye kumbukumbu, umenyooshwa. Mpima alitumwa nyuma ya soko. Leo napigiwa simu kwamba shimo liko mbele. Na mimi nataka kujua." Akamwita Kofia, aliyekuwa kwenye benchi nje.

Mpima aliingia kofia ikiwa mkononi. Bila kofia alionekana mdogo, na upara wake ulikuwa mweupe usiojua jua.

"Nilipima nyuma ya soko, mama," alisema. "Rangi nilipaka palepale. Vigingi niliviacha rangi ikiwa bado mbichi."

"Halafu vikafikaje mbele?"

"Sijui, mama."

"Vigingi havina miguu."

"Havina, mama. Na mimi nimeshangaa."

Spana alitazama feni ya darini. Ilikuwa mbovu, haizunguki, lakini aliitazama kana kwamba itazunguka wakati wowote.

"Basi liko hivi," Bi Mstari akasema. "Kama hakuna kosa lililothibitishwa, kazi inaendelea pale pale ilipoanza, maana mimi sina mamlaka ya kuhamisha choo kwa sababu kinamnukia mtu. Kama mpima alikosea, nasimamisha kazi, shimo linafukiwa, choo kinarudi nyuma. Lakini hapo mpima itabidi nimlete mbele ya kamati ya madiwani inayosikiliza makosa ya watumishi." Akamtazama Spana. "Na wewe ni mjumbe."

"Mimi ni mjumbe," Spana alikubali, sauti ikimtoka kama maji ya bomba lililoziba.

Nje ya ofisi, Kofia alimshika mkono. Spana alitegemea lawama. Hakupata.

"Mheshimiwa, nikuulize kama fundi kwa fundi," mzee alisema polepole. "Mtu anaweza kupima mahali, akaona kwa macho yake, kumbe amepima kwingine? Jana usiku, niliposikia habari za shimo, nilimuuliza mama watoto kama siku hizi nasahau. Akasema nasahau. Nikamuuliza nasahau nini. Akasema, nimwambie yeye nimesahau nini." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Labda kichwa kimeanza kuchoka. Kama ndivyo, bora niseme nimekosea, wanistaafishe tu, nisije nikapima daraja likaenda kwa jirani."

Spana alifungua mdomo. Alitaka kweli kusema. Kilichotoka ni, "Usikate tamaa, mzee."

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mkewe alikuwa uani anafua. Hakumsalimu. Aliinua suruali kutoka kwenye beseni, suruali ile ya juzi, akageuza mifuko yote miwili nje. Ilikuwa myekundu kama midomo ya bibi harusi.

"Nimefua kwa maji moto, nimefua kwa limau," alisema. "Haitoki. Hii rangi gani, mume wangu?"

"Rangi ya... kuna mlango nilikuwa napaka."

"Mlango uliutia mfukoni?"

Spana akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mama yangu amefunga kibanda," mkewe akaendelea. "Wateja wake wanamuuliza kama chai ni ya kabla ya choo au ya baada yake. Amelala, amegeukia ukutani. Na bado anakutetea! Anasema ni yule mpima, mzee wa hovyo, ndiye aliyemwaibisha mkwe wake. Amewaambia majirani afukuzwe kazi."

"Hajakosea yule mzee."

"Najua hajakosea! Mfuko wa mzee si mwekundu!" Akamtupia suruali, ikamfunika goti. "Ulichaguliwa kunyoosha mkono. Nani alikutuma unyooshe vigingi?"

"Nilipiga simu. Ilikuwa inatumika."

"Ungesubiri!"

"Nilisubiri! Palikuwa pananuka!"

Mkewe alimtazama, na kwa muda mfupi ilionekana kama atacheka, lakini alijizuia. "Sasa pananuka kwingine," alisema. "Wakija kumfukuza yule mzee, na wewe ukanyoosha mkono pamoja nao, usirudi kula hapa. Nenda ukale barazani."

Kamati ikakaa. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu aliyewaita madiwani kwa kuwanyooshea kalamu, na akiona mtu anasinzia aligonga meza. Kando ya Spana alikaa diwani mmoja mzee aliyeitwa Hoja, maana hakuna kikao kilichowahi kwenda hatua tatu kabla hajasimama na kusema "Hoja, mwenyekiti." Bi Mstari alikaa mwisho wa meza. Kofia alikaa peke yake kwenye kiti cha katikati, kofia juu ya magoti, amevaa tai.

"Kabla hatujaanza," mwenyekiti alisema, "sheria inanitaka niulize. Kuna mjumbe mwenye maslahi yoyote katika shauri hili?"

Swali hilo huulizwa kila kikao, na kila kikao watu hulijibu kwa kumimina maji kwenye glasi. Spana alisikia glasi zikilia. Alimwona Kofia akipapasa tai yake, tai ya kuazima, fupi, imeishia kifuani. Alifikiria kiti chake cha udiwani, kile alichokikalia kalio moja. Alifikiria pia kwamba akinyamaza, mambo yote yanakwisha leo: mzee anaondoka, shimo linafukiwa, mama mkwe anafungua kibanda, na hakuna anayejua ila mkewe na suruali.

Akasimama. Spana ikagonga kiti, ngo.

"Mimi ninayo."

"Maslahi gani, mheshimiwa?"

"Mama mkwe."

Kicheko kikapasuka. Mwenyekiti akagonga meza. "Mama mkwe tunamjua, chake ndicho kibanda. Hayo yanaeleweka. Unaweza kukaa nje ya—"

"Na vigingi," Spana akasema. "Vigingi nilivihamisha mimi."

Kicheko kikakatika.

"Hoja, mwenyekiti!" Mzee Hoja alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa anatoa ushahidi au anatoa mzaha? Maana kama ni mzaha, kanuni hairuhusu. Na kama ni ushahidi, hakuapishwa."

"Kaa, mheshimiwa."

"Nakaa, lakini nimesimama."

Spana alieleza yote, bila kupamba, kwa sababu hakujua kupamba. Alieleza jalala, nzi, paka, simu inayotumika, kamba ya kiatu. Alipofika kwenye tangi la ardhini na maji ya baridi, mwenyekiti alilazimika kujifanya anapenga kamasi. Spana alimgeukia Kofia. "Mzee, kichwa chako ni kizima. Ulipima sawasawa. Mimi ndiye niliyepima mahali pasipo pangu. Nisamehe."

Mzee aliivaa kofia yake, pale pale ndani ya ukumbi, mahali ambapo kuvaa kofia ni marufuku, na mwenyekiti hakumnyooshea kalamu.

"Nina swali moja," Bi Mstari alisema kwa sauti yake ile ile. "Ulidhani vigingi vile ni vya bomba. Kwa nini hukudhani ni vya choo?"

"Sikujua kuna choo."

"Ulikipigia kura."

"Nilinyoosha mkono," Spana alisema. "Kumbe si kitu kimoja."

Bi Mstari akafungua ramani iliyokuwa mbele yake, akaigeuza ielekee upande wa Spana, akaweka kidole. "Hapa ndipo bomba lilipopangwa tangu mwanzo. Mpima alikuwa aje kulipimia wiki iliyofuata."

Spana aliinama. Aliona soko, aliona barabara, aliona kona. Kidole cha Mkurugenzi kilikuwa mbele ya kibanda cha chai.

Alikaa chini bila kuangalia kiti kiko wapi. Bahati kilikuwepo.

"Na sasa," Bi Mstari aliendelea bila huruma, "pale pamechimbwa. Tukifukia, udongo utakuwa laini. Bomba halisimamishwi juu ya udongo laini. Utasubiri mvua ipite, udongo ushuke, ushikane. Hiyo wewe unaijua kuliko mimi."

Aliijua. Ndiyo maana hakuinua kichwa.

Walimpa onyo, wakamtoa kwenye kamati. Mzee Hoja akapendekeza kwamba aliyesababisha shimo alifukie kwa mikono yake, hadharani. Spana aliruka kama aliyepewa zawadi. "Nakubali! Kesho asubuhi nipo na koleo langu!" Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi uso wake kung'aa.

"Haiwezekani," Bi Mstari akasema. "Kufukia ni utekelezaji."

Basi ikaandikwa kwamba mheshimiwa diwani asiguse kigingi, koleo, tofali wala kitu chochote cha halmashauri, isipokuwa kiti chake.

Wakati shimo linafukiwa, Spana alisimama pembeni, mikono nyuma, akiwatazama vibarua wakishindilia udongo vibaya. Alisaga meno. Mama mkwe alifungua kibanda akampelekea kikombe. Alionja. Haikuwa na sukari. Akainywa yote.

Mvua ikaja, ikapiga, ikapita. Choo kikasimama nyuma ya soko na watu wakaacha ukuta upumzike. Halafu asubuhi moja Kofia akaonekana kwenye kona, amechuchumaa, akipigilia vigingi vipya vyenye vichwa vyekundu mbele ya kibanda. Alipomaliza alimpungia Spana mkono, akaondoka kwenda kata nyingine.

Mchana Spana alipita. Kigingi kimoja, upande ambao udongo haukushikana vizuri, kilikuwa kimeinama. Hakikuwa kimeanguka, kimeinama tu, kama mlevi anayesikiliza wimbo. Mkono wa Spana ukaenda mfuko wa nyuma wenyewe. Akaurudisha. Akatoa simu.

Ilikuwa inatumika.

Akasimama pembeni. Jua likamchoma. Kila mpita njia aliyekaribia, Spana alimwelekeza azunguke. Alipiga tena, bado. Mama mkwe alitoka kibandani akajifuta mikono.

"Unafanya nini hapo juani?"

"Nasubiri simu, mama."

"Kigingi chako kimeinama."

"Nimekiona, mama."

"Si ukinyooshe?"

"Siruhusiwi."

Mama mkwe alikitazama kigingi. Alimtazama mkwewe. Mguu ulikuwa unamwasha, na ule ukaidi wake wa kampeni ukamrudia. "Basi mimi si diwani," alisema, akanyanyua kanga kidogo na kunyoosha mguu akisukume kwa kisigino.

"Mama, usiguse!"

Alipiga kelele. Alimpigia kelele mama mkwe wake, mchana, mbele ya soko. Muuza nyanya alidondosha nyanya. Spana alikuwa ameruka akasimama kati ya kisigino na kigingi, mikono imetanda kama kipa wa mpira, jasho linamtiririka, na alipogundua alichofanya alitamani lile shimo lingekuwepo bado.

Mama mkwe aliurudisha mguu chini taratibu. Alimwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye kiatu, ambacho sasa kilikuwa na kamba. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika mlango, akaingia ndani akicheka, na humo ndani vikombe vikasikika vikigongana.

Alitoka na chai. "Kunywa, mwanangu," alisema. "Simu za wakubwa huwa zinachelewa."

Spana alipokea kwa mikono miwili. Kabla hajanywa, simu ikaita.

"Mheshimiwa," sauti ya Bi Mstari ilisema, "naona umenipigia mara nyingi."

"Mkurugenzi, kigingi kimoja kimeinama huku kwenye kona. Upande wa udongo laini."

"Umekigusa?"

Spana alionja chai. Ilikuwa tamu mpaka meno yakauma.

"Sijakigusa," alisema. "Na mama mkwe hajakigusa. Mtume mtu wako. Sisi tupo hapa pembeni."